Kitambaa cha Kujaribia

"Jirani, hivi huyo mwanao jioni huwa anasoma au anafua?"

Swali hilo liliulizwa na Mama Pacha, dobi wa mlango wa pili, asubuhi moja akianika mashuka ya watu uani. Aliuliza huku vibanio viwili vya nguo vimemkaa mdomoni, kwa hiyo maneno yakatoka yamebanwa pembeni. Fundi cherehani, ambaye alikuwa amechuchumaa kizingitini akipepea mkaa wa pasi, aliinua uso akacheka.

"Anasoma, mwenzangu. Kwani umesikia nini?"

"Mimi sauti ya kufua naijua, nimeishi nayo. Na ukuta wetu huu ni kama karatasi tu. Kila jioni nasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nikamwambia mume wangu, yule binti anataka kutunyang'anya wateja."

"Ni ufutio huo. Anafuta alipokosea."

"Kila siku anakosea kiasi hicho?"

"Kila siku anasahihisha," Fundi alimjibu, akafunga pasi yake na kuingia ndani, shingo imenyooka. Swali la jirani hakulichukua kama swali. Alilichukua kama sifa, akalitunza kifuani pamoja na sifa nyingine chache alizowahi kupata duniani.

Fundi huyu alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi. Baba yake alimpa jina la utani la Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo kama nukta ya wino, nalo likamganda mpaka shuleni. Mama mtu mwenyewe aliishia shule ya msingi. Alikuwa na akili, lakini nyumbani kwao masomo yalikuwa kama mvua: yakija mnashukuru, yakikatika hamuulizi. Alipompata Nukta alimwahidi Mungu, akiwa bado kitandani na mtoto ubavuni, kwamba huyu hatasoma peke yake kama alivyosoma yeye. Na ahadi aliitimiza. Kila jioni baada ya chakula, meza kubwa ya kukatia nguo iliondolewa kila kitu: mkasi, pasi, mafungu ya mashati, vyote. Mteja angekuja wakati huo akilia kwamba harusi ni kesho, angeambiwa arudi asubuhi. Taa ilikuwa ikishushwa kwa waya mpaka ikaribie kichwa cha mtoto. Vyombo aliosha baba. Na mama aliketi ubavuni mwa binti, kiti kwa kiti, macho kwenye daftari.

Hapo ndipo sauti ya kufua ilipokuwa ikitokea.

Fundi alikuwa amefunzwa kazi na shangazi yake, mwanamke wa maneno machache. Shangazi hakugomba. Ukishona mshono uliopinda alikuwa akiuchukua, anatoa kile kisu chake kidogo cha kufumulia, anaufumua wote tangu mwanzo mbele ya macho yako, kisha anakurudishia vipande viwili vya kitambaa kana kwamba hukuwahi kufanya kitu. Kwa njia hiyo Fundi alijua kazi, tena akaijua sawasawa. Mtaa mzima ulisema nguo yake ukiigeuza ndani nje unaweza kuivaa hivyo hivyo. Basi na daftari la mtoto alilitazama kwa jicho lile lile.

"Hiyo saba imelala. Futa."

Nukta anafuta. Kwaru, kwaru.

"Hapo umejumlisha vibaya. Futa yote uanze juu."

"Yote, mama? Si nimekosea hapa mwisho tu?"

"Mshono ukipinda mwisho unafumuliwa wapi?"

"Wote," anasema Nukta, na anafuta.

Baba mtu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Jioni alikuwa akikaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, masikio bado yana madoa ya rangi ya ukuta wa siku hiyo. Yeye alikuwa amefukuzwa mezani zamani, baada ya kumsaidia mtoto hesabu za kugawanya zikatoka zote kichwa chini.

"Mimi nikikosea ukuta," alisema jioni moja, bila kumwangalia mtu, "napaka mkono wa pili. Mwenye nyumba analala usingizi wake."

"Ndiyo maana uko huko mlangoni na beseni lako," mkewe akamjibu.

"Niko mlangoni, lakini naona. Huyo mtoto kurasa zake zinatoboka."

"Osha miguu, mume wangu."

Akaosha miguu.

Siku moja Nukta alirudi shuleni na ujumbe kwamba mwalimu wa hesabu anamwita mama. Aliutoa ujumbe huo akiwa amesimama kwenye kona ya cherehani, anachezea mkoba. Fundi hakuuliza habari nyingi. Moyoni alijua anaitwa kwa nini. Daftari safi kama lile, mwalimu gani asingependa kumwona aliyelilea? Akapiga pasi gauni lake la ibada, akajitanda kitambaa kizuri, asubuhi yake akashika njia ya shule hata kiamsha kinywa hakukimaliza.

Mwalimu alimpokea darasani, maana wanafunzi walikuwa uwanjani. Alikuwa kijana mfupi mwenye sauti ya upole, na shati lake lilikosa kifungo cha pili kutoka juu. Fundi alikiona kifungo hicho kabla hajaliona hata dawati la kukalia. Wakasalimiana. Mwalimu akaweka karatasi mbele yake.

"Hili ni jaribio la mwezi uliopita, mama. Tazama."

Fundi alitazama. Hesabu tatu za kwanza zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, tarakimu zimesimama wima kama askari, na kila moja ilikuwa na alama ya vema ya wino mwekundu.

"Hakuna kosa hata moja," alisema, na hakuweza kuizuia furaha isimtoke usoni.

"Ni kweli. Sasa geuza."

Akageuza. Nyuma palikuwa peupe. Chini ya zile hesabu tatu pia palikuwa peupe. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa kama shuka la Mama Pacha.

"Nyingine ziko wapi?"

"Hakuzifikia. Na si jaribio hili tu, mama. Hesabu hivyo, insha hivyo. Anaandika mstari, anaufuta, anauandika tena ule ule. Wenzake wanakusanya karatasi yeye bado yuko juu." Mwalimu akashusha sauti. "Walimu tumekaa. Wengi wanaona arudie darasa mwaka ujao. Wenzake wapande, yeye abaki."

Fundi aliirudisha karatasi upande wa zile hesabu tatu. Nukta alikuwa na mashoga wawili aliokaa nao dawati moja tangu siku ya kwanza ya shule, na walikuwa wakitembea wameshikana mikono hata kwenda chooni. Akamwona mwanawe amebaki kwenye dawati hilo na watoto wadogo wasiomjua.

"Mwanangu si mjinga," alisema polepole.

"Hata mimi sijasema hivyo. Akili anayo. Ndiyo maana nimekuita badala ya kuandika tu 'arudie' nikanyamaza. Kuna mtihani mmoja umebaki, wa kufunga mwaka. Akifika mwisho wa karatasi hata kwa makosa yake, atapanda. Nimeshawaambia wenzangu wanisubiri." Akavuta kiti karibu. "Nilimuuliza, Nukta, kwa nini hufiki mwisho? Unajua aliniambia nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama atafumua.'"

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mpira. Fundi aliikunja pembe ya kitambaa chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sikukuita nikulaumu," mwalimu akasema. "Wazazi wengi nawaita hawaji. Wewe umekuja tena umepiga pasi. Nataka tu kujua, jioni mnafanyaje?"

Fundi alimweleza yote: meza, taa, kiti, ufutio. Hakuficha neno. Alipomaliza, mwalimu alikuna kidevu.

"Usiache kukaa naye. Hilo ni jema, watoto wengi wanalitamani. Ila mwache akosee mpaka mwisho wa ukurasa. Akimaliza, usimwambie futa. Muulize, hapa ulifikiri nini? Basi. Halafu nyamaza umsikilize."

"Nyamaza," Fundi alirudia, kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu.

Alirudi kwa hatua za haraka. Ukweli ni kwamba alikuwa amechukia. Alimchukia mwalimu kwa muda wa mtaa mmoja, akamchukia na kifungo chake kilichopotea. Mtaa uliofuata hasira ikamgeukia yeye mwenyewe. Alipofika mlangoni kwake ilikuwa imeisha, limebaki lile neno tu. Mama atafumua. Alikaa nyuma ya cherehani akasali kimya, na sala yenyewe haikuwa ndefu. Alimwambia Mungu kwamba yeye alidhani anamshika mtoto mkono, kumbe alikuwa amemshika shingo.

Jioni ile, mtoto alipofungua mkoba, Fundi alinyoosha kiganja.

"Nipe ufutio."

Nukta akampa. Mama akautia ndani ya kikopo cha vifungo, akakifunika.

"Kuanzia leo hufuti kitu. Andika tu."

"Na nikikosea?"

"Basi umekosea."

"Halafu?"

"Halafu hakuna."

Nukta alimtazama mama yake kama mteja anavyomtazama fundi anayemwambia nguo itakuwa tayari kesho.

Fundi alikuwa amedhani kwamba kazi imekwisha. Ameondoa ufutio, kosa limeondoka. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa umezoea njia yake. Jioni ile Nukta hakuandika mstari hata mmoja. Alishika penseli akaukodolea macho ukurasa, mpaka kope zikalowa. Jioni ya pili aliandika, ila aliandika kwa kugusa tu, tarakimu zimefifia kama pumzi kwenye kioo, na kila alipokosea alilamba kidole akaisugua. Daftari likawa na madoa meusi na matundu. Mama alijikaza, hakusema futa. Aliuliza, "Hapa ulifikiri nini?" kama alivyoelekezwa, na mtoto akadhani ni lawama, akaanza kulia.

"Sikufikiri kitu, mama. Nisamehe."

"Sijakugombeza."

"Lakini umeniuliza."

Baba alitoa miguu ndani ya beseni, akaja na kitambaa begani, akambeba binti yake akampeleka kulala. Aliporudi alimkuta mkewe bado ameketi kwenye kiti kile kile.

"Mwalimu amesema nimwache akosee," Fundi alisema. "Nimemwacha. Hataki."

"Hataki au haamini?"

Wiki nzima swali hilo lilitembea na Fundi, kwenye pasi, kwenye mkasi, hata kwenye ibada alijikuta anaimba na wenzake huku mawazo yako mezani. Na mtihani haukuwa ukimsubiri mtu.

Jumamosi mchana Fundi alikuwa na rundo la mashati ya shule ya kumaliza. Nukta alikaa chini karibu na miguu yake akiokota pini sakafuni kwa sumaku, kazi aliyoipenda tangu akiwa mdogo sana. Fundi alibadilisha uzi, mweupe kwa buluu. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelifanya kila siku tangu alipokaa kwenye cherehani mara ya kwanza, mpaka halioni tena: akatoa kwenye droo kile kipande cha kitambaa cha kujaribia, akakipitisha chini ya sindano, akakanyaga kidogo. Mshono ukatoka umekunjamana. Akakaza skrubu, akajaribu tena. Ukatoka umelegea, uzi wa chini unaning'inia. Akalegeza robo, akajaribu. Safi. Akakirusha kipande mezani, akavuta shati.

Nukta alikiokota. Kilikuwa kitambaa cha ukubwa wa leso, kimejaa mishono ya rangi zote, iliyopinda, iliyoruka, iliyokunjana, hakuna hata nafasi ya kidole.

"Mama, hiki mbona hukifumui?"

"Hicho cha kujaribia," Fundi alisema, macho kwenye kola. "Hakiendi kwa mteja. Hapo naangalia uzi umekaza au umelegea. Nikikifumua nitajuaje nilipokosea?"

Mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio.

Nukta alikuwa bado ameshika kile kipande, anakigeuza huku na huku. Hakuwa na habari kwamba mama yake ameacha kushona. Fundi alikitazama kitambaa, akautazama mkoba wa shule uliotundikwa msumarini, daftari likichungulia. Miaka yote alikuwa amelishona daftari lile kana kwamba ni nguo ya mteja. Kumbe mteja yuko mbele kule, hajafika bado. Daftari ni kitambaa hiki hapa, cha kwenye droo.

"Lete chaki yangu," alisema. "Na ile karatasi ya kaki ya kukatia."

Akatandaza karatasi mezani, pana, isiyo na mistari. Akampa mtoto chaki ya fundi, ile bapa ya buluu.

"Hii ni ya kujaribia. Yote. Hapa sitaki usafi. Hesabu za mwalimu zifanyie hapa kwanza, ukipinda pinda, ukikosea piga mstari juu uendelee mbele. Nikikuta umefuta nitakasirika kweli."

"Utakasirika nikifuta?"

"Sana."

Nukta alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejaribu barafu kwa kidole. Aliandika hesabu ya kwanza, tarakimu kubwa kama viatu vya baba yake. Akakosea. Akamtazama mama. Mama alikuwa amemgeuzia mgongo, anatia uzi kwenye sindano. Akapiga mstari juu ya kosa. Hakukutokea kitu. Akaendelea.

Toka siku hiyo kiti cha mama kilihama. Hakikwenda mbali, kilikaa pale pale mezani, ila kiligeuka. Mtoto anaandika upande huu, mama anachoma matundu ya vifungo upande ule, mgongo kwa bega, wanasikiana pumzi. Usidhani ilikuwa rahisi. Mwanamke yule alipata shida kubwa kukaa vile kuliko aliyoipata kumzaa. Alisali kila tundu la kifungo. Jioni moja aliinuka kufuata uzi, jicho likamponyoka likaangukia karatasi, akaona saba mara nane imeandikwa hamsini na nne. Neno likamfika kwenye meno.

"Fu..."

Mkono wa Nukta ukasimama hewani.

"Futi yangu ya kupimia iko wapi?" Fundi alimalizia.

"Iko shingoni kwako, mama."

Baba pale mlangoni alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Fundi akajishika shingo, akaikuta futi, akacheka na yeye, na mtoto akacheka, na hesabu ikabaki vile vile mpaka mwisho wa ukurasa. Ukurasa ulipokwisha ndipo mama alipoweka kidole pale.

"Hapa ulifikiri nini?"

Nukta hakulia. Alikunja uso. "Nilifikiri ya tisa mara sita. Zinafanana sura."

"Mh. Kumbe zinafanana?"

"Kwangu zinafanana." Akaandika pembeni, mwenyewe, hamsini na sita, akaizungushia duara.

Mama Pacha naye hakupitwa. Alimkamata Fundi uani, mikono imejaa povu.

"Jirani, mbona siku hizi kimya? Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Ameacha kufua."

"Mungu ni mwema. Nilikuwa nimeshaanza kumpangia mashuka."

Asubuhi ya mtihani Fundi aliamka kabla ya watu, akasali, akachemsha maji. Nukta alitoka chumbani amevaa tayari. Hapo mama akaona kitu. Kifungo cha juu cha shati la mtoto kilikuwa kimekatika jana yake, naye katika pilikapilika akasahau kukishona. Sasa kilikuwepo. Nukta alikuwa amekishona mwenyewe, kwa uzi wa buluu kwenye shati jeupe, na kimekaa upande kama jicho la mtu mwenye usingizi. Mtoto wa fundi, siku ya mtihani, na kifungo kama kile. Mkono wa Fundi ukaenda wenyewe kwenye mkasi. Ni kazi ya kukata nyuzi mbili tu na kurudia.

Nukta aliuona ule mkono. Akasimama akangoja, kidevu juu, kama anavyosimama mtoto anayepimwa.

Fundi aliuchukua mkasi, akautundika msumarini mwake.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Penseli?"

"Mbili."

"Haya. Mungu akutangulie. Fika mwisho, mwanangu. Hata kwa kupinda."

Alipokwenda, mama alikaa kwenye cherehani na hakushona kitu mpaka jua lilipoingia dirishani.

Majibu yalikuja siku ya kufunga shule. Nukta aliingia akihema, akaweka karatasi kwenye meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua moja. Baba alikuwa bado kazini. Fundi alijifuta mikono kwenye gauni, akaivuta karatasi.

Ilikuwa karatasi mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Mwandiko umekimbia, mistari imepigwa juu ya mistari, tarakimu moja imeandikwa nje kabisa ya mpaka. Alama nyekundu zilikuwa za kila namna, vema hapa, mkasi wa kosa pale. Lakini aliigeuza na nyuma pamejaa. Hesabu ya mwisho ilikuwa chini kabisa imebanwa kwenye pindo. Na chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono wake: Amefika. Anapanda na wenzake.

Fundi aliyasoma maneno hayo mara kadhaa, midomo ikitembea. Kisha, kwa kuwa mtu habadiliki ngozi kwa siku moja, jicho lake likarudi juu kwenda kutafuta makosa. Likatua kwenye hesabu moja ya maneno. Fundi ana kitambaa cha mita kumi na mbili. Kila shati linataka mita mbili na nusu. Atashona mashati mangapi? Nukta alikuwa ameandika: Matano. Mwalimu alikuwa amekata.

"Hapa," Fundi alisema, akaweka kidole, sauti akaituliza. "Hapa ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni manne, halafu kinabaki kitambaa cha mita mbili."

"Sasa mbona umeandika matano?"

"Kwa sababu wewe ungebana, mama. Shati la tano usingekosa. Kola ungetoa kwenye mabaki."

Fundi aliinamia karatasi ile. Mabega yalianza kumtikisika, na Nukta akasogea karibu kwa wasiwasi, mpaka alipoona kwamba ni kicheko, kicheko na machozi kidogo ndani yake.

"Ningetoa matano," alisema alipopata pumzi. "Tena na mfuko. Lakini hiyo ni meza yangu. Kwenye karatasi ya mwalimu ni manne. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Fundi akafungua droo. Akatoa kikopo cha vifungo, akachokoa ndani kwa kidole mpaka akaupata ufutio, umejaa vumbi la chaki, akaupangusa kwenye sketi na kuuweka mezani mbele ya binti yake.

"Wako huu. Mwaka ujao utajua mwenyewe wapi pa kufuta na wapi pa kuacha. Mimi sisemi tena."

Nukta aliutazama ufutio. Akamtazama mama yake usoni, kwa makini, kama anatafuta mshono. Nje mashoga zake wawili walikuwa wakimwita kwa zamu, wamesimama chini ya kamba za nguo za Mama Pacha. Akauchukua ufutio, akautia mfukoni, akatoka mbio kuwafuata.